Mtoto Akiuliza, "Twajuaje?"

Somo la nyumbani kwa wazazi na waalimu wa usharika

Someni kwanza: Luka 1:1–4, 1 Wakorintho 15:1–8, 1 Petro 3:13–16.



Mtume Petro aliwaandikia Wakristo waliotawanyika, wachache katikati ya watu wengi wasioamini, akawaagiza kwamba mtu asikutwe bila jibu aulizwapo kwa nini anatumaini kama anavyotumaini. Na jibu lenyewe liwe la mtu mpole amchaye Mungu. Agizo hili hakuwapa wachungaji peke yao. Waraka wake wasema na watumishi wa nyumbani, na wake na waume, na vijana na wazee. Basi kila nyumba ya Kikristo imepewa kazi hii.

Nasi tulio wa Kanisa la Kilutheri tunao urithi wa pekee katika jambo hili. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba haya ndiyo mambo ambayo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Tena akazipanga sehemu hizo kwa maswali na majibu. Hakutosheka mtoto akariri Amri na Imani. Alitaka aulize maana yake. Kwa hiyo mzazi Mlutheri anayemkemea mwanawe kwa sababu ameuliza swali, amesahau kitabu alichofundishwa mwenyewe kabla ya kubarikiwa.

Siku hizi maswali ni mengi. Kijana wa sekondari ajifunza habari za umri wa dunia na mifupa ya kale. Rafiki yake amwambia kwamba Biblia imebadilishwa. Mwingine amwonyesha katika simu maneno ya mtu asemaye kwamba Yesu hakuwako kamwe. Kijana arudi nyumbani na neno hilo moyoni. Akimwuliza baba, naye baba akamjibu, "Nyamaza, mambo ya Mungu hayaulizwi," kijana atanyamaza kweli. Lakini swali halinyamazi. Litatafuta mwenyeji mwingine wa kulipokea, na huenda mwenyeji huyo hampendi Kristo. Tena mtoto amejifunza siku hiyo neno ambalo baba hakukusudia kulifundisha, ya kuwa imani yetu inaogopa kuulizwa.

Basi tujifunze pamoja jinsi ya kumjibu.

1. Swali lenyewe si dhambi

Katika Kutoka 12:26 Musa awaambia Waisraeli la kufanya siku ile watoto watakapouliza maana ya ibada ya Pasaka: wawasimulie jinsi Bwana alivyowaokoa huko Misri. Hawakuambiwa wawanyamazishe. Luka naye aanza Injili yake kwa kumwambia Theofilo kwamba amechunguza mambo yote tangu mwanzo, akayaandika kwa utaratibu, ili Theofilo awe na hakika ya yale aliyofundishwa. Tena Tomaso, aliyetaka kuona alama za misumari, Bwana hakumfukuza. Alimjia, akamwonyesha mikono yake.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumfundisha mtoto ni hili: aulize vizuri. Asiulize tu, "Je, ni kweli?" Aulize pia, "Nani aliona? Aliandika lini? Walioandika walikuwa karibu na jambo au mbali? Twajuaje?" Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivi hatadanganywa upesi, wala na wapinzani wa imani, wala na manabii wa uongo.

2. Mlima mweupe

Tuna mfano mzuri hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Württemberg katika Ujerumani, alikaa Rabai karibu na Mombasa pamoja na mwenziwe Ludwig Krapf, wakitumwa na chama cha misioni cha Uingereza. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani, Rebmann aliuona mlima mrefu ambao kilele chake kilikuwa cheupe. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, yule alimjibu tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akatambua kwamba ndiyo theluji. Akaandika habari, nazo zikachapwa Ulaya mwaka 1849.

Huko London alikuwako bwana mmoja mwenye elimu nyingi ya ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika. Yeye alikataa kabisa. Alidhani haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta, wala hakugeuzwa na ushuhuda wa Rebmann, wala wa Krapf, ambaye naye mwaka 1849 aliuona mlima wa Kenya una theluji. Mwaka 1861 akaja Baron Carl Claus von der Decken na mpimaji Richard Thornton, wakaupima Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Decken akapanda na Otto Kersten hata kiasi cha mita 4200. Ushuhuda wa mmisionari ukathibitishwa. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika juu kabisa, mita 5895 kama ipimwavyo leo, wakikanyaga barafu kwa miguu yao. Lakini watu wa Uchagani walikuwa wakiuona weupe ule kila asubuhi tangu mababu zao.

Mwambieni mtoto habari hii, kisha mwulizeni: Cooley alikosea wapi? Hakuwa mjinga. Kosa lake ni kwamba alikwisha kuamua moyoni mwake jambo gani linaweza kuwako na lipi haliwezi, kabla ya kuwasikiliza walioona. Elimu ya kweli husikiliza mashahidi, ikawapima. Haiwafungii mlango kabla hawajasema.

Lakini mtoto mwenye akili atajibu, "Mlima upo hata leo, mtu aweza kwenda kutazama. Kufufuka kwa Bwana hatuwezi kwenda kukutazama." Amesema kweli, asikemewe. Ndipo mwambieni jambo la pili. Wenye elimu wa siku zetu wametuonyesha kwamba zaidi ya robo tatu za barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 zimekwisha kutoweka. Ikiwa barafu yote itayeyuka, wajukuu wa wajukuu wetu watajuaje ya kuwa mlima huu ulikuwa mweupe? Hawataweza kupanda na kuigusa. Watajua kwa maandiko na picha za wale walioona, na kwa alama zilizoachwa katika mawe. Hivyo ndivyo wanadamu wanavyojua mambo yote yaliyopita: kwa mashahidi na kwa alama.

3. Mashahidi wa mambo ya kale

Sasa twende kwenye Maandiko yenyewe. Imani yetu haikujengwa juu ya hadithi isiyo na mahali wala wakati. Kila Jumapili tunapokiri, tunalitaja jina la liwali wa Kirumi, Pontio Pilato. Kwa nini jina la mtu huyo liwemo katika ungamo letu? Kwa sababu Kanisa lashuhudia kwamba mambo haya yalitokea katika nchi fulani, katika siku za mtawala fulani.

Mwaka 1961 wachimbaji kutoka Italia waliokuwa wakichimba magofu ya Kaisaria, mji ulio pwani ya Palestina ya kale, walipata jiwe lililokuwa limetumiwa tena katika ngazi ya jumba la michezo. Juu yake palikuwa na maandiko ya Kilatini, mengine yamefutika, lakini jina la Pilato na cheo chake cha kuitawala Uyahudi yakaonekana, pamoja na jina la Kaisari Tiberio. Tena Tacitus, mwandishi wa Kirumi, aliandika kiasi cha mwaka 116 ya kwamba Kristo aliuawa katika enzi ya Tiberio kwa amri ya Pilato. Tacitus hakuwa rafiki yetu. Aliwadharau Wakristo, na kwa sababu hiyo ushuhuda wake wafaa zaidi, maana hakuwa na haja ya kutupendeza.

Shahidi mwingine ni jiwe la Delphi katika nchi ya Wayunani. Vipande vyake vina barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, liwali wa Akaya, yule yule ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake katika Matendo 18:12. Kwa jiwe hilo twajua kwamba Galio alikuwa liwali kiasi cha mwaka 51 na 52. Hivyo twajua pia miaka ambayo Paulo alikaa Korintho, na kwamba waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa miaka michache baadaye.

Hapa ndipo pa kukaa na mtoto kwa utulivu. Fungueni 1 Wakorintho 15. Paulo awataja waliomwona Bwana baada ya kufufuka: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa wangali hai alipoandika, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe. Hesabuni pamoja: tangu kusulibiwa kwa Bwana hata kuandikwa waraka huu ni kiasi cha miaka 25 tu. Mwulizeni mtoto, "Babu yako akumbuka mambo ya miaka 25 iliyopita?" Ayakumbuka sana, na mtu akisema uongo juu ya mambo hayo kijijini, wazee watamkanusha. Paulo aliandika wakati ambapo watu waliweza kuwaendea mashahidi na kuwauliza.

Na yule asemaye kwamba Biblia imebadilishwa? Mwaka 1947 mchungaji wa mifugo wa Kibedui alipata magombo ya kale katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo lilikuwa gombo la Isaya, urefu wake zaidi ya mita 7, lenye sura zote 66, lililonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala kamili za Agano la Kale kwa Kiebrania zilizojulikana zilikuwa za miaka 1000 hivi baada ya Kristo. Basi wenye elimu walipozilinganisha, walikuta nini? Walikuta tofauti nyingi za namna ya kuandika herufi na maneno, na mahali pengine neno limezidi au limepungua. Lakini ni kitabu kile kile, chenye unabii ule ule. Msimfiche mtoto zile tofauti. Tafsiri nyingi za siku hizi huzitaja chini ya ukurasa. Mtoto aliyezisikia kwanza nyumbani hataanguka atakapozisikia shuleni.

4. Elimu ya viumbe

Wengi wadhani kwamba elimu ya viumbe na imani ni maadui tangu mwanzo. Sivyo. Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571, alikuwa Mlutheri. Alisoma elimu ya Mungu huko Tübingen akitumaini kuwa mchungaji, lakini akatumwa kufundisha hesabu. Alipokuwa akitafuta njia ya sayari Mirihi, hesabu yake ya kwanza ilipishana kidogo na yale yaliyoonekana mbinguni, kiasi cha robo ya upana wa mwezi uutazamavyo kwa macho. Angaliweza kunyamaza na kupitisha. Hakufanya hivyo, aliitupa kazi yake akaanza upya, na mwaka 1609 akatangaza kwamba sayari hazizunguki katika duara kamili, bali katika duara lililorefuka. Kepler aliamini kwamba mbingu ni kazi ya Mungu, na kwa ajili hiyo hakuthubutu kuzisingizia neno.

Lakini tusifiche na makosa ya Wakristo. Mwaka 1633 wakuu wa Kanisa huko Roma walimlazimisha Galileo Galilei kukana ya kuwa dunia yalizunguka jua, na katika upande wetu pia walikuwako waliolidhihaki neno hilo. Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, alikuwa amekwisha kuonya zaidi ya miaka elfu kabla ya hapo, kwamba Mkristo asinene ovyo juu ya nyota na viumbe mbele ya watu wanaovijua, na kusema kwamba ndivyo Maandiko yanavyofundisha. Kwa kuwa wakimsikia akikosea katika mambo wayajuayo, watamsadikije katika habari ya ufufuo?

Onyo hili latuhusu sana. Watoto wa Tanzania wafundishwa habari za bonde la Olduvai, ambapo Mary Leakey alipata fuvu la kale mwaka 1959, na za Laetoli, ambapo mwaka 1978 zilionekana nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili, zipatazo umri wa miaka milioni 3 na nusu na zaidi. Mtoto akiuliza, "Wanajuaje umri huo?" tusimwambie kwamba wamejitungia. Nyayo zile zilikanyagwa katika majivu ya mlima wa moto. Katika majivu hayo mna kitu kiitwacho potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo arigoni, kwa mwendo uliokwisha kupimwa. Jiwe likiwa moto na kuyeyuka, hewa hutoka; likiganda, hewa hufungwa ndani. Ni kama mtungi unaodondokewa na maji: ukijua matone mangapi huanguka kwa saa, na ukiyapima maji yaliyomo, utajua ni saa ngapi zimepita.

Kisha mwonyesheni mpaka wa kipimo hicho. Majivu yaweza kutuambia umri wa nyayo. Hayawezi kutuambia mwanadamu ameumbwa kwa ajili ya nani, wala kwa nini moyo wake humshtaki afanyapo ubaya, wala nani awezaye kumsamehe. Wako Wakristo wazisomao siku sita za Mwanzo kuwa siku kama zetu, wako na wengine wazisomao vingine. Ndugu hawa wasihukumiane, maana wote wakiri pamoja kwamba Mungu Baba ndiye Mwumba wa mbingu na nchi, na kwamba ameniumba mimi pia. Mzazi asiyejua jibu la swali la mifupa au nyota aseme, "Mwanangu, hili silijui; tutamwuliza mwalimu wako, tutasoma pamoja." Neno hilo halipunguzi heshima ya baba, tena lamfundisha mtoto unyenyekevu.

5. Tusimtetee Mungu kwa uongo

Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watasema udanganyifu kwa ajili ya Mungu (Ayubu 13:7). Swali hilo latufaa leo. Mara kwa mara huletwa katika simu zetu habari za ajabu: kwamba mabingwa wa Marekani walipiga hesabu za nyota wakaigundua ile siku ndefu ya Yoshua, au kwamba safina ya Nuhu imekwisha kupatikana nzima. Habari ile ya hesabu za nyota si kweli, na habari za safina zimetangazwa mara nyingi pasipo uthibitisho. Mzazi akimpa mtoto ushahidi wa namna hiyo, mtoto ataufurahia leo. Kesho mwenzake atamwonyesha kwamba ni uongo, na siku hiyo atatia shaka hata yale ya kweli aliyofundishwa kwa kinywa kile kile. Njia ya mwongo ni fupi. Mungu wa kweli hana haja ya msaada wa uongo wetu.

Kwa hiyo kabla hatujapeleka habari mbele, na tuulize kama tunavyowafundisha watoto: Nani aliona? Iliandikwa wapi? Twajuaje?

6. Jinsi ya kufanya nyumbani

Chagueni jioni moja katika juma, baada ya chakula na sala. Isizidi nusu saa. Mtoto alete swali moja. Kama hana, mzazi alete. Someni kwanza Maandiko yanayohusu, kisha mtafute mashahidi na alama. Wadogo wapeni vitu vya kushika: mbegu, jiwe, jani, sarafu ya zamani. Wakubwa wapeni kazi ya kupeleleza, mathalani kuwauliza wazee habari za kuanzishwa kwa usharika wenu, waandike maneno ya mashahidi wawili na kuyalinganisha. Wataona kwamba wazee wawili watapishana katika mambo madogo na kupatana katika jambo kubwa. Ndipo watakapoelewa jinsi Injili nne zinavyosimulia Bwana mmoja.

Tena wafundisheni kujibu kwa upole. Kumshinda rafiki kwa maneno na kumpoteza rafiki mwenyewe si faida. Kijana akijibizana na jirani Mwislamu au na mwenzake asiye na dini, ajifunze kusikiliza mpaka mwisho, na kukiri lililo kweli katika maneno yake.

Hatimaye, tukumbuke mpaka wa kazi yetu. Jiwe la Kaisaria laonyesha kwamba Pilato aliishi. Halimfanyi mtu apige magoti mbele ya Yule aliyeteswa chini yake. Katika sehemu ya tatu ya Imani twafundishwa kwamba hatuwezi kumwamini Kristo kwa akili zetu au nguvu zetu. Roho Mtakatifu ndiye anayetuita kwa Injili. Kazi yetu ni kuyaondoa mawe njiani, mtoto asijikwae kabla hajafika. Kumfikisha ni kazi ya Bwana. Kwa hiyo kila jioni ya maswali iishe kwa maombi, na baba au mama amtaje kila mtoto kwa jina lake mbele za Mungu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Cooley hakumsadiki Rebmann? Sisi nasi hukosea kama yeye katika mambo gani?
2. Jiwe la Delphi latusaidiaje kujua wakati wa waraka wa kwanza kwa Wakorintho?
3. Ni jambo gani majivu ya Laetoli yaweza kutuambia, na lipi hayawezi?
4. Je, umepata kupeleka kwa wengine habari usiyoipima? Utawaambiaje watoto juu yake?
5. Ni swali gani mtoto wako ameliuliza, nawe hujamjibu bado?

Na tuombe: Ee Bwana uliye Kweli, utupe nyumba zisizoogopa maswali, na vinywa visivyosema uongo kwa ajili yako. Uwalinde watoto wetu, uwatie Roho wako, wakujue na kukupenda. Amin.